Mato ya Nyayoni

Aboud alinitumia picha kutoka Doha:
sakafu nyeupe, moja tu, inayong'aa
toka mlangoni hadi chooni
kama ukumbi wa benki.
"Fundi Famau, nataka hivi. Nyumba nzima."
Na pesa za maboksi arubaini na mawili.

Niliyavusha kutoka Mokowe,
nikayapandisha Mkomani kwa punda wanne na matusi kumi.
Bi Mwanamize alikuwa dakani, keshavua ndara.
"Fungua moja. Kiweke tini."
Akakikanyaga. Akaagiza kata ya maji, akamwaga,
akakikanyaga tena, mkono begani kwangu,
nami nikahisi uzito wake wote ukihama ghafla
kama mzigo uliokatika kamba.
"Hiki ni cha kuniua," akasema, bila hasira.
"Mrudishie mwenye duka."

Presha ya macho ilianza jicho la kushoto,
la kulia likafuata kama mdogo mtiifu.
Sasa nyumba anaiendea kwa kukumbuka,
na kukumbuka nako huchoka.
"Mato yangu yako nyayoni, Famau.
Nipe cha kusoma."

Miaka kumi na tisa natandika vigae kwa magoti.
Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Maboksi thelathini na moja nikayabadilisha.

Chooni: vidogo, vya mraba, vyenye ukurutu wa ulimi wa paka,
mistari ya grauti karibu karibu
ili kidole gumba kipate pa kushika.
Mteremko niliupima kwa pimamaji.
Yeye aliupima kwa gololi ya mjukuu,
akasikiliza hadi ilipodumbukia tunduni.
"Haya. Mai yataiyua ndia."

Kiwandani nilianika vipande vitatu juani, saa sita kamili,
nikasimama peku juu ya kila kimoja, yeye akihesabu kwa sauti.
Cheusi kilinishinda kwenye nne.
Cha kijivu, kumi na mbili.
Cha rangi ya chai ya maziwa akafika sitini,
akaendelea tu, makusudi, hadi mia moja na tano,
akicheka peke yake.

Jikoni alisema rangi haimhusu,
ila wageni wana macho na mafuta ya samaki hayana aibu.
Basi kahawia, iliyoiva, yenye madoa yake yenyewe,
doa la mchuzi likianguka lipate ndugu.

Msanani nikamtandikia Aboud weupe wake, maboksi kumi na moja.
Mama hupita pembeni, kwenye mkeka, akigusa ukuta.

Lakini ndani alikataa.
Chokaa kuukuu, imepasuka,
ina mashimo manne ya miguu ya kitanda
na manne mengine hatua moja kando,
pale walipokihamisha kukimbia uvujaji,
wakasahau kukirudisha.
"Hapa usiguse."
Nikamwambia msana umepanda kwa unene wa kidole,
mlangoni patabaki kizingiti, atajikwaa.
"Kujikwaa ni habari," akasema.
"Nikijikwaa nitayua nimefika."

Nikapiga picha ya msana, kutoka pembe nzuri.
Aboud akajibu: "Mashallah. Nyumba nzima?"
Nikaandika: "Kazi inaendelea."
Nikazima simu siku mbili.

Akaja Idi, na soksi mpya nyeusi.
Nilikuwa dakani nakunywa kahawa ya bure
niliposikia kishindo, kisha kimya,
kisha sauti ya Bi Mwanamize kutoka jikoni:
"Famau! Kumebaki boksi?"

Hakuvunjika kitu. Alikaa pale pale chini,
kwenye weupe wake wa pesa nyingi, anasugua kiuno,
ananiangalia mimi, anaangalia mlango wa ndani,
ile chokaa, yale mashimo manane.

Nikangoja matusi.
Alivua soksi, moja, kisha ya pili,
akazitia mfukoni.